Jirani wa banda akivunja bei, wewe usimfuate

Kuna dada kaniandikia inboksi wiki hii, anashona mikoba ya ngozi kama mimi, katoka kwenye maonyesho yake ya kwanza ya kazi za mikono akiwa amekata tamaa kabisa. Banda la jirani lilikuwa na mikoba inayofanana na yake kwa nusu ya bei, na anaapa ile haikuwa kazi ya mkono. Anauliza ashushe bei msimu ujao au aachane na maonyesho.

Dada yangu, hiyo hadithi naijua mwanzo mpaka mwisho. Na meseji yako imenikuta nimetoka kwenye maonyesho ambayo nimerudi na oda za maduka mpaka nimesimamisha kupokea nyingine, kwahiyo nina la kusema na nitalisema kwa kirefu, maana najua humu wanapita na wale waliokuwa wanasema najifanya fundi mkubwa kwa kukataa kupunguza bei.

Enzi naanza nilikuwa na kabanda ka mita 3 kwa 3, kale ka kawaida, katikati ya safu ambako mtu anafika akiwa ameshachoka. Pembeni yangu akaja bwana mmoja na maboksi. Mimi napanga meza huku naangalia. Anatoa mikoba, kila mmoja uko ndani ya nailoni yake, na ndani ya kila mkoba kuna kile kifuko kidogo cha chembechembe za kunyonya unyevu, anavitoa anavitupa kwenye mfuko wa taka. Alafu akachukua mkasi akaanza kukata lebo moja moja, taratibu, wala hajifichi. Alipomaliza akasimamisha kibao kimeandikwa "kazi ya mikono". Nilikuwa naona kila kitu jamani!

Kufika mchana mteja anashika mkoba wangu, anaunusa, anauliza bei, nikimtajia anageuza shingo kule. Jioni yule bwana akashusha bei tena, na mwenzetu wa banda la tatu akaogopa akashusha ya kwake, na wa nne naye, yani safu nzima ya ngozi ikawa inakimbizana kwenda chini na wote tuna gharama zilezile. Walioshusha waliuza sana ila nilivyowauliza wamebakiwa na nini baada ya kulipia banda na malighafi, hakuna aliyetaka kupiga hesabu mbele yangu.

Mimi nilienda kwa waandaaji na ile fomu tuliyosaini wote. Maonyesho mengi ya kazi za mikono yana kipengele kinachosema bidhaa iwe imetengenezwa na mwoneshaji mwenyewe, na mengine yana jopo linalopitia picha za kazi kabla hujapewa nafasi. Nikawaonesha kipengele, nikawaambia njooni mchungulie ule mfuko wa taka. Jibu lao? Muelewane wenyewe. Baadaye nikasikia jamaa alikuwa amelipia mabanda mawili. Hiyo haijanitoka mpaka leo, na sijawahi kurudi kwao, hata waliponitumia mwaliko na punguzo.

Sasa twende kwenye swali lako. Usishushe. Bei ya jumla ni malighafi, muda wako, gharama za kuendesha kazi na faida, na rejareja mara nyingi inakuwa kama mara mbili ya hiyo. Wanaopita kwenye ule ukumbi sio wanunuzi wa kitu kimoja kimoja tu, kuna wenye maduka wanatembea kimyakimya wanasoma vibao vya bei. Mwenye duka akikuta unamuuzia mpita njia kwa bei anayolipa yeye, hatakugombeza, atakusalimia vizuri na hutamuona tena. Oda zangu za juzi zimetoka kwa watu wa aina hiyo, wawili wameniambia wazi kwamba walikuja kwangu kwa sababu bei yangu siku ya mwisho ilikuwa ileile ya siku ya kwanza.

Ukitaka kumshinda wa kiwandani, fanya kazi yako ionekane. Mimi huwa nakaa nashona palepale bandani, sindano mbili kwenye uzi mmoja wa nta, moja kila ncha, zinapishana kwenye tundu moja. Nina kipande cha ngozi cha maonyesho, mteja akiuliza kwanini bei iko hivyo nampa wembe namwambia kata mshono mmoja hapo katikati, alafu vuta. Haufumuki, maana kila mshono umeshikwa na pande zote za uzi. Kipande cha pili nimekipiga mashine, huko nyuzi mbili zimekabana katikati tu, ukikata moja na kuvuta unaanza kuachia. Ubavuni pia panasema ukweli, ngozi ya kweli ukiikata unaona nyama yake, ile ya bandia unakuta kitambaa kimegandishwa na plastiki juu. Namuachia mteja aangalie mwenyewe na jirani simtaji hata kwa kope. Kumsema jirani mbele ya mteja nako ni ushindani mchafu, wengi mnaolalamika humu mnafanya hilohilo.

Halafu kuna kuibiwa dizaini, ambako kunauma kuliko bei. Mama mmoja aliwahi kuupiga mkoba wangu picha kila upande, kishikizo, kitako, mpaka ndani, eti anamtumia dada yake. Msimu uliofuata nikaukuta uko bandani kwake, hata ile mikunjo ya kifuniko aliyonisifia. Nilitetemeka mikono.

Woga huu sio wa leo. Maonyesho ya kimataifa ya Vienna ya 1873, kuna wavumbuzi wa nje waliogoma kupeleka vitu vyao kwa kuhofia kuibiwa, na jambo hilo ni moja ya yaliyosukuma Mkataba wa Paris wa 1883 wa kulinda mali ya viwandani, yani vitu kama uvumbuzi, dizaini na alama za biashara. Mpaka leo ibara ya 11 ya mkataba ule inazitaka nchi wanachama kutoa ulinzi wa muda kwa dizaini zinazooneshwa kwenye maonyesho ya kimataifa, ila yawe rasmi au yanayotambuliwa rasmi, kwahiyo sio kila bonanza la mafundi linahesabika. Umoja wa Ulaya wao wanailinda hata dizaini ambayo haijasajiliwa, kwa miaka 3 tangu ilipotolewa hadharani kwao. Sehemu nyingi ukiionesha kabla ya kusajili unaweza kupoteza haki ya kuisajili, uliza sheria ya ulipo kabla hujaitundika. Na mshono wa sindano mbili hauna mwenyewe, mbinu ni ya wote, usije ukamshtaki mtu kwa kushona kama wewe.

Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lina kanuni 10, na kwenye ile ya mwenendo wa haki kibiashara wameandika kabisa kwamba wanachama waepuke ushindani usio wa haki na wasinakili dizaini za wenzao bila ruhusa. Yani watu wazima wamekaa wakaona hili inabidi liandikwe! Kwahiyo mnaponiambia "biashara ni vita" huwa nashangaa, vita gani na mtu utakayemuomba akuangalizie banda ukienda chooni?

Na tuambiane ukweli. Meza yako ikitoka nusu mita kwenye njia, umemziba mwenzako. Ukimuita mteja aliyesimama kwa jirani, umeiba. Ukitembeza bidhaa kwenye begi ukumbini bila banda, unakula hela ya waliolipia. Ukianza kufunga mapema siku ya mwisho, safu nzima inaonekana imekufa na wageni wanageuza. Haya tunayafanya sisi mafundi wenyewe, wale wa maboksi tunawasingizia tu hapo.

Dada, msimu ujao kabla hujalipa andika kwa waandaaji, kwa maandishi sio simu, uwaulize nani anachagua waoneshaji, kuna mtu anapita kukagua siku zenyewe, mabanda ya ngozi yatakuwa mangapi, na anayevunja kipengele cha kazi ya mkono anafanywa nini. Waliokuwa makini wananijibu siku hiyohiyo na hata swali la mwisho wana jibu lake. Wakikuzungusha, usiwatumie hata hela ya kushikia nafasi.