Kwa Mchungaji Mpya Anayeshukia Kange, Stendi ya Mabasi ya Tanga

Barua ya uhamisho ikishataja Tanga, wenzako wa chuoni watakutania. Watasema umepewa likizo: samaki, nazi, machungwa ya Muheza, watu wasio na haraka. Watakutupia na ule msemo wa "waja leo waondoka leo". Halafu mmoja aliyekuzidi umri atakuvuta pembeni akuulize kama unajua kuwa unakwenda kuhubiri katika mji ambao siku yake kubwa ni Ijumaa. Huyo msikilize, ingawa naye hajui yote.

Mimi nilishuka hapa miaka kumi na tisa iliyopita na sanduku moja na joho jipya. Nimehudumu mjini, nikapelekwa Muheza, nikarudishwa mjini. Wengi mnaokuja mmesoma Makumira, chuo chetu cha theolojia cha Kilutheri, na nawakumbusha tu kwamba chuo hicho kilianzia huku kwetu Lwandai, Mlalo, mwaka 1947, kikahamia kule kwenu mwaka 1954. Kwa hiyo msije mkidhani mnaleta elimu ugenini.

Chuoni walikufundisha kufungua mdomo. Namna ya kuanza hubiri, kulipanga, kulifunga. Kazi ya mji huu inataka na ile nusu nyingine, ya kujua lini uufunge, na hiyo mimi nilifundishwa na muuza kahawa.

Mwaka wangu wa kwanza usharika wetu ulikuwa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nikaandaa mkutano wa Injili wa jioni, siku nne mfululizo. Tulikodi spika mbili za tarumbeta, tukazifunga juu ya mti, moja ikitazama barabarani na nyingine ikitazama nyumba za nyuma. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya somo la ufufuo, kwaya imeshachangamka na ngoma inalia, nikamwona mzee wa kahawa kasimama chini ya jukwaa na birika lake na lile jiko lake dogo la makaa. Nikadhani ameokoka. Nilipomaliza akanimiminia kikombe, akaniambia taratibu, "Mchungaji, sauti Mungu amekupa. Ila nyuma ya ukuta huu kuna msiba tangu jana alasiri. Tuliona tusikukatize."

Jana alasiri. Maana yake jioni nzima iliyopita nilikuwa nikiwapigia ngoma wafiwa dirishani. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyekwenda polisi, hakuna hata mtoto aliyetumwa kuja kusema punguza. Walikuwa wamekaa kimya wakinisubiri nimalize. Nilivua joho, nikazunguka ukuta. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka. Waliponiona wakasogea, wakanipa nafasi, mmoja akanisukumia kikombe. Hakuna aliyetaja spika. Nilisema pole, nikakaa hadi saa nne usiku bila kuongeza neno, na nadhani ndio usiku wa kwanza niliofanya kazi ya uchungaji Tanga. Siku ya nne ya mkutano tuliifuta.

Tangu hapo, kabla sijapanga jambo lolote lenye sauti, natembea mtaa mzima nauliza nani anaumwa, nani amefiwa, wapi kuna harusi. Na nikiwa kwenye kipaza sauti adhana ikiita, nanyamaza. Zile dakika chache hazijapata kumpoteza mtu wangu hata mmoja.

Jambo la lugha. Wewe unatoka bara, na Kiswahili chako kimekufikisha hadi digrii, kwa hiyo hutaamini nikikwambia hakitoshi. Hapa utasema "nakwendaga" madhabahuni na akina mama wa benchi la mbele watainamisha vichwa, si kwa sala. Usikasirike. Muulize mama mmoja mtu mzima akusahihishe, atafurahi, na hubiri lako la wiki ijayo litamwingia zaidi kwa kuwa ana hisa humo. Zaidi ya hapo, yatazame maneno yenyewe unayohubiria: imani, dhambi, rehema, sadaka, nabii, Injili. Hata madhabahu unayopigia magoti. Yote hayo yana asili ya Kiarabu, na yalikuwa midomoni mwa Waislamu wa pwani kabla mmisionari hajafika. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipoanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi. Miaka minne baadaye alikuwa Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, kwenye milima hii hii tunayoiona asubuhi mawingu yakiondoka. Biblia tunayosoma, ile iliyotoka nzima mwaka 1952, ina jasho la watu ambao hawakuwa waumini wetu. Nikisikia mchungaji kijana anawadhihaki majirani mimbarani, huwa najiuliza anadhani maneno anayowatukania aliyapata wapi.

Maziko nayo yana mwendo wake. Jirani Mwislamu akifa asubuhi, mara nyingi jioni ameshazikwa, kwa hiyo usiseme utakwenda ukimaliza kikao. Vaa nguo ya heshima na viatu vya kuvuka vumbi. Wakati wa kumsalia maiti simama pembeni na wenzako wasio Waislamu. Jeneza likitoka, sogea, weka bega, watakupisha. Usipoombwa neno, usitoe neno. Nimewahi kumwona mtumishi, jina naliacha, aliyeomba "dakika mbili tu" makaburini. Alipewa, kwa adabu ya watu hawa, na miaka mitatu baadaye bado kuna baraza ambazo akipita mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Na sikukuu za kanisa: mavuno, kipaimara, harusi. Ukichinja mbuzi, mwite jirani Mwislamu aliyezoea achinje. Kuna vijana wetu watakaokuuliza kwa nini, kwani Wakristo hawana mikono? Waambie mikono wanayo, lakini wageni wetu wanataka kula. Si jambo dogo hilo. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mahali mchungaji akauawa. Hapa kwetu mchinjaji wangu ni fundi baiskeli. Anakuja na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti, anachinja, ananawa, na hukaa kula na sisi. Mwaka jana alikuja hata kwenye mnada.

Nimeutaja mnada, basi niseme. Baada ya ibada vitu vilivyotolewa sadaka vinanadiwa nje, nawe utadhani ni biashara. Siyo kabisa. Jogoo atanunuliwa shilingi elfu ishirini na tano, aliyemnunua atamrudisha, anadiwe tena, na tena, hadi jogoo mmoja alipe mifuko kadhaa ya saruji. Lakini kuna bibi ataleta nazi tatu, zimefungwa kwenye kanga kuukuu. Ziangalie hizo. Zisinunuliwe mia tano huku watu wanacheka. Mwenye kunadi akichoka, zinunue mwenyewe, kwa bei ya kueleweka, umtazame bibi usoni. Fedha nyingine za kanisa sheria yake ni fupi: usihesabu peke yako, usizilaze kwako, usikope. Wazee wahesabu, waandike, watie sahihi.

Kuhusu waumini wanaokwenda kwingine kutafuta miujiza, utaumia. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi mia tano, na aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe, kwa hiyo sisi Walutheri hatuna mahali pa kujificha. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kwa ajili ya mafuta ya upako. Jumapili iliyofuata nilikuwa na hubiri kali sana mkononi. Kabla ya ibada mzee wa kanisa akanidokeza kuwa dada mmoja wa jumuiya yake ana chupa ya mafuta hayo kabatini, na ana uvimbe ambao hajamwambia mumewe. Hubiri lilibaki mfukoni. Jumanne nilikwenda kwake, na Alhamisi tulikwenda naye Bombo hospitali. Ningelisoma lile hubiri, angepiga makofi na wenzake, arudi nyumbani na uvimbe wake.

Sasa siasa, ambayo ndiyo mnaniuliza zaidi mkipiga simu.

La wageni wenye magari wanaokuja na bahasha wakati wa harambee halina mzunguko: mpe kiti, mtaje jina, pokea sadaka kama ya bibi wa nazi, na mimbari ibaki yako. Akitaka kusalimu, asalimu nje, wakati wa mnada, ambako naye anaweza kupandishiwa jogoo. Gumu ni siku ambazo nchi yenyewe imetikisika na watu wamekuja wakikutazama mdomo.

Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulikuwa Jumatano. Jumapili ya tarehe 2 Novemba intaneti ilikuwa bado imezimwa. Hubiri nililoandaa lilikuwa la Luther na Matengenezo ya 1517, kwa kuwa tarehe 31 Oktoba ilikuwa imetoka kupita. Hubiri la mtu aliyekataa kunyamaza, fikiria. Nilipoingia nikaona watu wamewahi kuliko kawaida, na hawazungumzi. Benchi la pili kulia alikaa balozi wa nyumba kumi, mzee wangu wa kanisa, mtu mwema. Nyuma yake kijana wa bodaboda ambaye najua moyo wake uko wapi, na si kwa balozi. Na upande wa kwaya kulikuwa na mama mwenye mtoto Dar es Salaam. Simu ya mtoto ilikuwa inaita na haipokelewi tangu Jumatano. Alikuwa ameishika mkononi, ameifunika kwa kitabu cha nyimbo, na kila baada ya muda kitabu kinanyanyuka kidogo.

Mchungaji mmoja wa rika langu angesoma Warumi 13, ya kutii mamlaka, mwingine Matendo 5:29, ya kumtii Mungu kuliko wanadamu, na kila mmoja angeondoka ameridhisha nusu ya benchi. Mimi nilikunja karatasi za Luther. Niliwaambia, "Kilichotokea sikijui chote, na sitawaambia nisichokijua. Ninachojua ni kwamba kuna watu humu simu zao hazipokelewi." Tukasoma Zaburi ya 13, ile inayouliza "hata lini". Nikaomba wenye ndugu wasiowapata wayataje majina tu, bila maelezo. Yalitajwa majina kumi na moja. Nyuma ya kila jina tulinyamaza. Balozi naye alitaja jina, la mjukuu wake, jambo ambalo kijana wa bodaboda hakulitarajia, nilimwona akigeuza kichwa.

Jioni hiyo hiyo walinijia wawili. Mmoja alisema nimeingiza siasa kanisani. Mwingine alisema nimekuwa mwoga, kanisa lilipaswa kunguruma. Sikuwajibu wote wawili kwa ufasaha. Wa pili bado ananisumbua, kwa sababu kuna kunyamaza kwa adabu na kuna kunyamaza kwa kuogopa, na kwa nje vinafanana. Kipimo changu, kama ni kipimo, ni kujiuliza ninamlinda nani. Siku ya spika nilinyamaza nikiwalinda wafiwa. Nikinyamaza ili kulinda kiti changu, hapo sina la kujitetea. Ile Jumapili nilikuwa namlinda yule mama, nadhani, na kidogo na mimi mwenyewe.

Intaneti iliporudi, picha na sauti zilimiminika kwenye kundi la WhatsApp la usharika kama maji ya masika. Nilifunga kundi kwa siku tano, watumaji wakawa viongozi tu, na kila aliyetaka kusema nikamwambia aje nyumbani. Walikuja. Wengine walikaa hadi usiku. Mambo niliyoyasikia sebuleni sitayaandika hapa wala popote, na wewe utakayoyasikia kwako hali kadhalika, hata kwa mkeo usiyapeleke.

Mengine utajifunza ukifika. Nyumba ya usharika ni nzuri ila bomba la jikoni linavuja. Fundi ameahidi Jumatano, na hii ni Jumatano ya tatu. Ukipata baiskeli nunua, mji huu ni tambarare na mtu kwenye baiskeli husalimiwa kuliko mtu kwenye gari. Ukishuka Kange usiku usikubali bei ya kwanza ya bajaji. Mwambie dereva akushushe kwa mzee wa kahawa, hahitaji maelezo zaidi. Bado yupo, macho tu ndiyo yamepungua, kwa hiyo mwamkie kwa sauti, "Shikamoo, mzee," umtajie kuwa wewe ni mgeni wangu, ukae kikombe kimoja, ndipo unipigie simu.