Viatu vya gofu si vya kila sakafu

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma. Alikuwa amenitumia picha ya viatu vya ngozi, vyeupe kwa kahawia, vyenye kishungi kilichofunika kamba, na chini yake akaandika: "Kaka, nimevipata mnadani Msalato kwa bei nzuri sana. Fundi ananiambia ni vya gofu. Naweza kuvivaa kanisani Jumapili, au watu watanicheka?" Niliisoma mara ya kwanza nikatabasamu, niliporudia kuisoma tabasamu likanitoka, kwa sababu miaka sita iliyopita nilikuwa nimesimama katika mnada huohuo, Jumamosi, moshi wa nyama choma ukiniingia machoni, nikiwa nimeshika viatu vinavyofanana na hivyo kana kwamba nimeokota dhahabu.

Mwuzaji alianzia shilingi elfu ishirini na tano, tukaelewana kwa elfu kumi na nane. Nilivigeuza nikaona chini ya soli vimeno vya plastiki, kila kimoja kikiwa na vijimiguu vilivyotandazwa kama buibui, na katikati ya vijimiguu hivyo yamekwama majani makavu ya nchi nisiyoijua. Nilimwuliza mwuzaji vile vimeno ni vya nini. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba ni vya kuzuia utelezi. Hakunidanganya. Alichokiacha ni kuniambia utelezi wa wapi.

Kosa langu la kwanza nililifanya ukumbini, hapa hapa Dodoma, katika sherehe ya kumuaga mpwa wangu aliyekuwa anakwenda kuolewa. Mimi nikiwa mjomba mkubwa ndiye niliyepangiwa kuongoza msafara wa zawadi, nikicheza polepole kutoka mlangoni hadi mbele kwa bibi harusi mtarajiwa, mikononi nimebeba seti ya hotipoti iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Sakafu ilikuwa ya marumaru iliyosuguliwa hadi unaona taa ndani yake. Hatua ya nne mguu wa kulia ulikwenda wenyewe, wa kushoto ukaufuata, na hotipoti tatu zikabingirika hadi chini ya meza ya wazazi wa upande wa pili huku muziki ukiendelea. Goti lilivimba kwa siku tisa. Mtani wangu mmoja wa Iringa hajaniita kwa jina langu tangu siku hiyo. Ananiita Hotipoti, hata mbele ya watu wa ofisini.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe. Vimeno vya plastiki vya kiatu cha gofu vimetengenezwa vizame katikati ya majani na kuushika udongo ulio chini yake. Juu ya marumaru, terazo au sakafu yoyote iliyopigwa msasa havina pa kuzama, kwa hiyo uzito wako wote unabaki juu ya vipande vichache vya plastiki ngumu, na soli yenyewe ya mpira ambayo ingekusaidia haigusi chini. Ukiongeza tone la soda au maji yaliyomwagika, habari yako imekwisha.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mstaafu, jirani yangu wa mtaani kwetu Kisasa, aliyenikuta nikivipaka viatu rangi barazani. Alisimama, akavitazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivyo unavivalia nyasi gani?" Nikamweleza yaliyonipata. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Mwezi uliofuata alipokuwa anakwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake alinichukua, tukaenda naye hadi uwanja wa Lugalo, akanipa fimbo moja na mipira kumi ya zamani.

Miaka miwili ya kujifunza kupiga mpira siisimulii, kwa kuwa kila anayeanza hupitia aibu zilezile. Nitasema tu kwamba siku ile ndipo nilipoelewa kiatu. Mpigaji anayetumia mkono wa kulia anapozungusha mwili, mguu wa kushoto unabeba uzito wote na kukazwa chini, huku wa kulia ukijigeuza hadi kusimama kwa ncha ya vidole. Nguvu ile haiendi mbele kama ya mkimbiaji, inajinyonga. Ndiyo maana njumu za mpira wa miguu hazifai: meno yake ni marefu, yanachimba, na hakuna msimamizi wa uwanja atakayekuruhusu kukanyaga nazo grini, yale majani yaliyonyolewa karibu na ardhi kulizunguka shimo. Mpira wa gofu ukipita pale hata kishimo kidogo cha kiatu huupotosha.

Zamani wachezaji walivaa viatu vyenye misumari ya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Idaho nchini Marekani, vikaanza kutengenezwa vimeno vya plastiki ili kuziokoa grini, na leo viwanja vingi duniani vimepiga marufuku chuma. Kisha mwaka 2010 mchezaji gofu Mmarekani, Fred Couples, alionekana katika mashindano makubwa ya gofu ya Masters akiwa amevaa viatu vyepesi vya kampuni ya Ecco visivyo na vimeno vya kufungua, vyenye vinundu vidogo vya mpira kwenye soli yenyewe, tena bila soksi, na tangu hapo aina hiyo ikaenea kila mahali. Kijana wangu wa Nzuguni, hapo ndipo swali lako lilipaswa kuanzia. Kabla ya kuuliza kama ni vya gofu au la, vigeuze utazame ni vya aina ipi. Kama vimeno vinafunguka kwa kuzungushwa, hivyo ni vya nyasi na si vya mahali pengine. Kama ni vinundu vilivyoungana na soli, unaweza kwenda navyo dukani, kuendeshea gari, na hata ofisini siku za Ijumaa, mradi ukumbuke kwamba lami ya Dodoma ni msasa na vinundu hivyo vitalika.

Msasa huo naufahamu vizuri. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nimekuwa nikipanda Ijumaa jioni hadi Morogoro, ninalala kwa shangazi yangu Kihonda, na asubuhi yake ninacheza chini ya milima ya Uluguru. Kwa majivuno, na neno hilo nalitumia nikijua maana yake, nilikuwa navivaa viatu vyangu vipya vya gofu tangu nyumbani. Nilitaka watu waone. Nilipita stesheni mfuko wa fimbo begani, vimeno vikigonga sakafu kwa, kwa, kwa, mlinzi akinitazama miguuni, nami nikidhani ananistaajabia. Nilivuka barabara navyo, nikasimama navyo juu ya changarawe nikisubiri bajaji, nikaingia navyo hata kiosko cha chai. Baada ya safari sita vijimiguu vya buibui vilikuwa vimesagika na kubaki vitufe, na mimi sikuwa nimevigeuza hata mara moja kuvitazama.

Morogoro asubuhi majani yana umande mzito. Mpira wangu ulikuwa umelala kwenye mteremko, nikapanda, nikajipanga, nikauzungusha mwili kwa nguvu zangu zote, na mguu wa kushoto ukaserereka. Mpira ulikwenda kichakani na mimi nikakaa chini. Kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, aliyenisaidia kuinuka, kijana ambaye hakufika hata miaka ishirini, alikishika kiatu changu, akakigeuza, akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko tusi: "Mzee, hivi umevimalizia barabarani." Mzee! Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Kuanzia siku hiyo natembea na viatu vyangu ndani ya mfuko wa kitambaa, ninafika uwanjani na raba au kandambili, ninakaa ukingoni mwa nyasi na kuvaa hapohapo. Nikimaliza shimo la mwisho ninavivua palepale. Wenzangu wanaobadilishia kwenye maegesho na kuvuka zege mita hamsini wanajidanganya. Mita hamsini kila Jumamosi ni kilomita nzima kabla ya miezi mitatu kwisha, ukihesabu kwenda na kurudi. Nimekuja kuamini kwamba mtu asiyeweza kusubiri hadi ukingo wa nyasi ndipo avae kiatu chake hawezi pia kusubiri zamu yake ya kupiga, na nimewaona wengi wa namna hiyo, wenye magari makubwa na vimeno vilivyokwisha.

Kuhusu majira, sisi wa kanda ya kati tuna bahati ya kujua mvua yetu. Kati ya Desemba na Aprili, udongo unapolowa, vimeno vya kufungua havina mbadala. Kuanzia Mei ardhi inapokauka na kuwa kama tofali, vinundu vya mpira vinatosha, tena vinaupumzisha mguu, kwa sababu vimeno juu ya ardhi kavu vinakufanya usimame kama uliyekanyaga mawe. Lakini ukipita maeneo ya wazi ya kwetu na soli laini, jihadhari na mbigili. Niliwahi kuzichomoa ishirini na tatu kutoka kiatu kimoja, nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba, na mbili kati yake zilikuwa zimekwishafika kwenye soksi.

Usivianike juani. Jua letu linakausha gundi, na soli itaanza kufumbuka mdomo kama ya mwanafunzi wa zamani. Vikilowa, vijaze karatasi za magazeti uviache kivulini.

Na kwa wale mnaonunua mitumba, kama nilivyofanya mimi, bonyezeni soli kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa. Viatu vilivyokaa stoo miaka mingi soli zake za ndani huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata kama havikuvaliwa kamwe, na siku utakayovitembelea zitamomonyoka kama keki. Jaribuni pia kukizungusha kimeno kimoja. Kikigoma kabisa, fundi atalazimika kukitoboa, na huenda akaharibu tundu lenyewe.

Mwezi uliopita, katika mashindano madogo ya kirafiki, mpira wangu ulisimama karibu na shimo kuliko mipira ya wenzangu wote, nikapewa zawadi. Waliokuwapo wanajua jinsi nilivyosimama imara siku ile, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofika grini nikaona alama za mtu aliyeburuta miguu kwenye njia ya mpira wangu. Kabla ya mwaka 2019 kanuni zisingeniruhusu kuzigusa. Sasa zinaruhusu, nikazisawazisha kwa utulivu na kupiga. Aliyeziacha nilimjua. Inueni miguu mnapotembea juu ya grini, ndugu zangu, kwa sababu anayekuja nyuma yenu ana macho.

Sasa nikujibu wewe wa Nzuguni. Picha yako inaonyesha vimeno vya kufungua, vinne bado vizima na viwili vimevunjika. Kanisani usiende navyo, hasa kama sakafu ni ya marumaru na wewe ni mwanakwaya unayepaswa kupanda ngazi za mbele. Vimeno vipya vinauzwa katika maduka ya viwanja vya gofu, lakini peleka kimoja cha zamani kama mfano, maana namna za kufunga hazifanani. Kama hutaki kucheza, usivitupe. Vile vyangu vya Msalato nilimpa mdogo wangu mwenye shamba la zabibu Mpunguzi, naye huvivaa masika anapopita kati ya mistari kukagua mizabibu. Anasema havijamwangusha hata siku moja, na kila anaposema hivyo anautazama kwanza mguu wangu wa kulia.