Mama anauza dagaa, aingie kwenye taasisi ya mikopo "ajifunze akiba"? Jibu langu

Mleta mada kauliza kama mama yake, muuza dagaa wa Igombe, ajiunge na kampuni ya mikopo inayojinadi kuwa inafundisha kuweka akiba. Mimi nina miaka tisa kwenye dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, nitajibu kwa yaliyonikuta.

Kampuni ya kwanza niliyokopa ilituweka watano tudhaminiane. Kila Jumatatu marejesho, na juu yake elfu tano ya akiba. Akiba ilikua, hilo sibishi. Ila mwenzetu mmoja alipoingia mitini, akiba za sisi wanne zikafyekwa kufidia deni lake. Kumbe ilikuwa dhamana, imevishwa tu jina la akiba. Tena kuna Jumatatu nilikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kutisha, ili nikaweke hiyo elfu tano. Cheka tu, ndivyo ilivyokuwa.

Ubaya ulikuwa hiyo Jumatatu yenyewe. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala, na sisi waanikaji tunakaa siku nyingi hatujashika hata noti. Afisa mikopo hilo halijui, yeye anajua Jumatatu.

SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) niliyopo sasa inakusanya kwa kufuata giza. Giza likishika na dagaa wakijaa naweka hata elfu thelathini kwa wiki. Mbalamwezi naweka sifuri na hakuna faini. Mkusanyaji anatufuata hapahapa mwaloni asubuhi, maana hela ikishafika nyumbani ina wenyewe. Mkopo ni hadi mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo hata asiyependa kuweka anaweka. Nina pia fungu la ada, limefungwa hadi Januari. Oktoba niliwaomba walifungue, wakakataa, nikawatolea maneno yasiyofaa. Januari niliwapelekea sato.

VICOBA, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana, siyo vibaya, sanduku lenye kufuli tatu limesomesha wengi huku kwetu. Ila mpaka siku ya kuvunja na kugawana, sanduku linalala kwa mtu, na usingizi wa huyo mtu siuonei wivu.

Kitu kimoja wengi hawakijui: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewagawa watoa huduma madaraja manne. Kampuni za daraja la pili kazi yao ni kukopesha, hawaruhusiwi kupokea amana za watu. SACCOS wako la tatu, vikundi kama VICOBA la nne. Kwa hiyo mama aombe kuona leseni kabla hajatoa shilingi, na kila anachoweka kiandikwe kwenye kitabu anachobaki nacho yeye.

Halafu amuulize afisa maswali mawili: nikiitaka akiba yangu wakati sina deni, naipata baada ya siku ngapi? Na wiki ya mbalamwezi mnafanyaje? Akiona afisa anatumbua macho kwenye hilo la pili, achukue ndoo yake aondoke.