Famicom Yenye Chenga: Itoleeni Picha kwa AV

SWALI: Wakuu, habari za kazi. Nimeletewa Famicom ya Kijapani, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, ile nyeupe na nyekundu. Nikiiunga kwenye tundu la antena na kutafuta stesheni, naambulia chenga na mkwaruzo tu. TV yangu ina matundu ya AV, yale ya kuingizia picha na sauti. Picha inaweza kutokea huko?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Inaweza, na TV yako haina kosa. Famicom, iliyotoka mwaka 1983, hurusha picha kwenye chaneli 1 au 2 za Japani, yaani 91.25 au 97.25 MHz. Kwetu hapo ni mahali pa redio za FM, ndiyo maana TV nyingi hupapita bila kusimama. Hata ikisimama, sauti ya Kijapani iko 4.5 MHz juu ya picha, ilhali TV ya mfumo wa PAL B/G huitafuta kwenye 5.5.

Tafadhali, kabla ya yote: adapta iliyokuja nayo ni ya volti 100. Usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230 hata kwa sekunde moja. Tumia ya DC, volti 9, ampea 1, yenye hasi katikati ya plagi. Nyingi za madukani zina chanya katikati, kwa hiyo pima kwa mita.

Ndani tafuta chipu ya picha, RP2C02, yenye pini 40. Picha hutoka pini 21. Usiipeleke kwenye TV moja kwa moja, maana chipu haina nguvu ya kusukuma mzigo wa omu 75, na picha itafifia. Weka katikati transista ya PNP, 2N3906. Pini 21 iende kwenye mguu wa besi, kolekta kwenye graundi, na emita ipate volti 5 kupitia rizista ya omu 150. Kutoka emita hiyohiyo weka rizista ya omu 110, kisha kapasita ya 220 µF, chanya yake ikielekea transista, hadi tundu la njano. Ukikosa 2N3906 ukaweka 2SA1015, angalia miguu. Upande bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto 2N3906 ni emita, besi, kolekta; 2SA1015 ni emita, kolekta, besi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Sauti ichukue kwenye waya unaoingia bodi ya RF, ile inayotoa mawimbi ya antena, kupitia kapasita ya 1 µF isiyo na upande. Ukiichukua kwenye chipu, kaseti za michezo zenye sauti za ziada zitapoteza ala zao. Picha ikija bila rangi, ingia kwenye menyu ya TV uchague NTSC 3.58, mfumo wa rangi wa Kijapani.

SWALI: Nimeshafanya hivyo na rangi ni nzuri, lakini kuna mistari ya wima, myembamba, inayoonekana zaidi kwenye anga la buluu. Transista ni mbovu?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Transista ni nzima. Bila shaka umelehemu waya juu ya pini 21 ikiwa bado imeshikana na bodi. Njia yake kwenye bodi hupita jirani na njia za data, nayo huokota kelele zake. Inyanyue pini hiyo itoke kabisa kwenye bodi. Ipashe moto taratibu, kwani ikikatikia kwenye mwili wa chipu hakuna dawa. Transista ikae karibu nayo, na waya wa kwenda nje uwe wenye shildi, yaani ngozi ya kuzuia kelele. Kisha lehemu kapasita ya 100 nF na ya 220 µF kati ya pini 40, yenye volti 5, na pini 20, ya graundi. Mistari itapungua sana. Kwenye baadhi ya bodi hubaki kivuli chake.

RGB, yaani rangi tatu kila moja na waya wake, usiitafute kwenye chipu hii. Rangi huchanganywa humo humo ndani, hivyo hakuna pini ya nyekundu, kijani wala buluu ya kuchomoa.

Na kwa kuwa upo karibu na bahari, futa mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemia) kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi ukimaliza. Ukiyaacha, hewa ya chumvi itaweka ukungu wa kijani kwenye viungo.