Kabla hujasaini mkataba wa franchaizi: soma haya kwanza

Anayenunua franchaizi ananunua vitu viwili: ruhusa ya kutumia jina la mtu, na utaratibu wa kazi ambao umekwisha kujaribiwa. Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Swali ni kama huyo anayekuuzia jina analimiliki kisheria hapo unapotaka kufungua.

Tanzania Bara watu wengi huchanganya cheti cha jina la biashara na usajili wa alama ya biashara, kwa sababu vyote hutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Cheti cha jina kinaonyesha tu ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Hakimfanyi kuwa mmiliki wa jina. Dai hati ya alama ya biashara, kisha ikague kwa makini. Je, mwenye hati ndiye kampuni itakayosaini nawe? Mara nyingi alama iko kwa jina la mwanzilishi binafsi, na siku akigombana na wabia wake, wewe unabaki na bango usilo na haki nalo. Je, kundi la bidhaa au huduma lililoandikwa linalingana na kazi yako? Mgahawa ni kundi la 43, kahawa ya pakiti ni kundi la 30. Je, muda haujaisha? Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, halafu huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA, kwa hiyo hati ya Dar es Salaam pekee haikukingi ukifungua Darajani. Ya Nairobi nayo haivuki Namanga.

Tanzania na Kenya hazina sheria mahususi ya franchaizi. Unaongozwa na sheria ya kawaida ya mikataba. Ukidanganywa waziwazi una pa kushtaki, lakini mtu akinyamaza tu kuhusu matawi yaliyokufa, kesi yako ni ngumu. Marekani hali ni tofauti: muuzaji analazimika kumpa mnunuzi waraka wa taarifa wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya kusaini. Afrika Kusini nayo inadai waraka wa aina hiyo chini ya Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008. Sheria hizo hazitakutetea ukiwa Mwanza, ila kampuni inayouza franchaizi huko inatakiwa kuwa na waraka huo tayari. Uombe. Ule wa Marekani anza kuusoma kipengele cha 20, kinachoonyesha matawi yaliyofunguliwa na yaliyofungwa katika miaka 3 iliyopita. Kwa kampuni ya hapa nyumbani, omba namba za simu za waliofunga na uwapigie mwenyewe. Ukinyimwa namba hizo, ushauri wetu ni kuacha.

Sasa fedha, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Ada ya kuingia hulipwa mara moja na kila mtu huiona. Kinachomaliza tawi ni mrabaha, yaani malipo ya kila mwezi ya kutumia jina, kwa sababu hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwezi wa hasara unalipa vilevile. Tuseme mrabaha ni asilimia 6 na mchango wa matangazo asilimia 2, na umeuza shilingi 30,000,000 pamoja na VAT. Mkataba ukisema “mauzo yote” bila kutoa VAT, unalipa 2,400,000. Ukisema “mauzo bila VAT”, kwa VAT ya asilimia 18 msingi unakuwa kama 25,424,000, nawe unalipa kama 2,034,000. Tofauti ni zaidi ya 360,000 kila mwezi, kwa maneno mawili tu.

Tazama pia kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mpokeaji. Mrabaha hukatwa asilimia 15, na wewe mlipaji ndiye unayeipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Mikataba ya kigeni hupenda kuandika kwamba mrabaha utalipwa “bila makato yoyote”. Maana yake, ili mwenye jina apate 1,800,000 kamili (asilimia 6 ya zile 30,000,000), wewe unagharamia kama 2,117,600. Kataa kifungu hicho, au kiingize kwenye hesabu kabla hujakubali asilimia.

Ukilazimishwa kununua malighafi kwa mwenye jina, bei ifungwe kwa kigezo kinachoonekana, na uruhusiwe kununua kwingine akichelewesha mzigo. Tawi la kuku lisilo na viungo wiki nzima bado linalipa kodi ya fremu.

Eneo lako liandikwe kwa mipaka ya mitaa au kata, na itamkwe nani anahudumia oda za mtandaoni ndani yake. Muda wa pango ufanane na wa franchaizi: ukiwa na mkataba wa miaka 5 juu ya fremu ya miaka 2, mwenye nyumba ndiye atakayeamua hatima yako. Kuvunja mkataba kuanze na notisi ya maandishi na siku za kurekebisha kosa, tuseme 30. Dhamana binafsi, yaani ahadi yako ya kulipa deni la biashara kwa mali yako, iwekewe kikomo cha kiasi, na nyumba ya familia isiguswe. Tena, kuiweka rehani kunahitaji ridhaa ya mwenzi wako.

Wewe unayetaka kuwapa wengine jina lako, sajili alama kwanza, andika mwongozo wa kazi wenye vipimo vya kila kitu, na uendeshe tawi la pili kwa mwongozo huo bila wewe kuwepo. Likiyumba, hujawa na cha kuuza.

Mkataba ukishasainiwa, ulipie ushuru wa stempu ndani ya siku 30. Usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.