Maswali ya Wasomaji: Mfalme Juu ya Farasi, Mfalme Ndani ya Barua

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Charles wa Kwanza, aliyekuwa mfalme wa Uingereza kuanzia 1625 hadi alipokatwa kichwa mwaka 1649, pamoja na picha inayomwonyesha akiwa amepanda farasi. Maswali yaliyotufikia hapa Mbeya ni mengi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu yote yanazunguka jambo moja, yaani iwapo picha zilizochorwa katika ikulu ile na barua zilizoandikwa humo zinatuonyesha mtu yule yule. Nimechagua machache, na sikuyapa nafasi sawa.

*Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Rungwe. Nilipowaonyesha wanafunzi picha ile, mmoja aliuliza kama kweli mfalme alikuwa mtu mkubwa namna ile, na mwingine akataka kujua kama mchoraji angeweza kumchora alivyo. Naomba msaada. — Mwalimu, Tukuyu*

Wanafunzi wako wameona vizuri, Mwalimu. Charles alikuwa mfupi wa kimo, na tangu utotoni alisumbuliwa na kigugumizi. Picha hiyo ilichorwa kati ya 1637 na 1638, na leo imo katika National Gallery mjini London. Kwenda juu ina zaidi ya mita 3 na nusu, na imepangwa kwa namna ambayo jicho lako linaanzia kwenye kwato za farasi na kupanda taratibu, likipita kifua cha mnyama na deraya ya mpandaji, hadi kwenye uso unaotazama mbali kana kwamba wewe hupo. Mtu mfupi akitazamwa kutoka chini, tena akiwa juu ya farasi wa namna ile, ufupi wake hauna pa kuonekana.

Aliyeichora ni Anthony van Dyck, mzaliwa wa Antwerp aliyehamia London mwaka 1632. Mfalme alimpokea kwa heshima kubwa, akampa cheo cha Sir mwaka huo huo, akampatia nyumba Blackfriars kando ya mto Thames na kumwahidi posho ya pauni 200 kwa mwaka. Si rahisi mtu aliyetendewa hivyo kumchora mfadhili wake kwa namna asiyoitaka. Lakini heshima ni jambo moja na fedha ni jambo jingine, kwani ipo orodha ya madai ya Van Dyck ambayo bei zake zilipunguzwa na mfalme. Picha ya Charles akiwa mawindoni, ambayo sasa iko Louvre mjini Paris, ilidaiwa pauni 200 ikashushwa hadi 100. Kwangu mimi karatasi ile ina thamani karibu sawa na picha zenyewe, kwa sababu inatuonyesha mfalme akifanya hesabu, jambo ambalo asingekubali kuchorwa akilifanya.

Namna karakana ya Van Dyck ilivyofanya kazi ilisimuliwa na Everhard Jabach, tajiri aliyekuwa rafiki yake na aliyechorwa naye. Mteja alikaa mbele ya mchoraji kwa muda usiozidi saa moja kila alipofika. Mchoraji alichora kwa haraka umbo na mkao wake kwa chaki kwenye karatasi ya kijivu, kisha nguo zenyewe zikaletwa karakana na wasaidizi wakazichora bila mwenyewe kuwamo ndani yake. Kwa ajili ya mikono, watu wengine walikodiwa. Kwa hiyo waambie wanafunzi wako waitazame mikono katika picha zake, ile mirefu, laini, yenye vidole vilivyolegea, wakijua kwamba huenda si mikono ya mwenye sura.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwa Sophia, mtoto wa dada yake Charles, ambaye mwanawe alikuja kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1714. Akiwa msichana mdogo huko Uholanzi alikutana na Malkia Henrietta Maria, mke wa Charles, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amemwona kwenye picha za Van Dyck tu. Baadaye katika kumbukumbu zake aliandika jinsi alivyoshangaa kumwona mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mirefu iliyokonda, mabega yasiyolingana na meno yaliyochomoza mdomoni kama mizinga kwenye ngome. Huyo ni mtoto anayesema alichokiona, na hata hivyo anaendelea kukiri kwamba malkia alikuwa na macho mazuri na rangi nzuri ya ngozi.

Je, Van Dyck aliongopa? Sioni hivyo. Nyumbani kwetu ipo picha ya babu iliyopigwa studio huko Johannesburg, enzi ambazo wanaume wengi wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Amevaa koti refu, kofia na saa ya mkononi, na mkono mmoja ameuweka juu ya kiti chenye nakshi. Barua aliyoituma pamoja na picha hiyo inauliza kama migomba imepaliliwa, inaagiza ndama asiuzwe, kisha katika mstari wa mwisho, uliobanwa pembeni kwa kuwa karatasi imekwisha, inasema koti ni la mpiga picha. Bibi aliitundika picha sebuleni na kuiweka barua sandukuni. Picha ilikuwa ya wageni, barua ilikuwa yake.

Ukipata nafasi, waonyeshe pia picha ambayo Charles amechorwa mara tatu kwenye kitambaa kimoja, ya mwaka 1635 au 1636: uso wa mbele, wa upande, na wa mshazari. Kila umbo limevaa nguo ya rangi yake, lakini utepe wa buluu wa nishani uko pale pale, na nywele za upande wa kushoto ni ndefu kuliko za kulia, kama mtindo wa siku zile ulivyotaka. Picha hii ilipelekwa Roma ili mchongaji Bernini atengeneze sanamu ya kichwa cha mfalme bila kumwona. Hapa kazi ya mchoraji ilikuwa kueleza zaidi kuliko kusifu, na kwa maoni yangu ndipo tunapomkaribia Charles zaidi: macho mazito, uso wa mtu aliyechoka kabla hata ya taabu zake kuanza. Sanamu yenyewe iliteketea katika moto wa kasri la Whitehall mwaka 1698. Karatasi ya maelekezo, tuseme, imeishi kuliko jengo.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Iringa. Nimesoma kwamba barua za mfalme kwa mkewe zilichapishwa na maadui zake. Walizipataje, na je, ni haki sisi kuzisoma? — Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge vilipokuwa vimepamba moto, malkia alivuka bahari kwenda Ufaransa, nchi yake ya kuzaliwa, mnamo Julai 1644, na tangu hapo ndoa yao iliishi kwenye karatasi. Tarehe 14 Juni 1645 jeshi la mfalme lilishindwa vibaya huko Naseby. Katika mizigo iliyotekwa lilikuwamo sanduku lenye barua zake za siri, zikiwamo nakala za zile alizomwandikia mkewe. Kabla ya Julai kwisha, barua hizo zilikuwa zimesomwa hadharani mjini London na kuchapishwa kwa amri ya Bunge.

Ndani yake kulikuwa na mambo mawili yaliyofungamana, na hapo ndipo ugumu wa swali lako ulipo. La kwanza ni mapenzi. Charles alimwita mkewe "Moyo wangu mpendwa", akamlalamikia anapochelewa kuandika, akampa habari za vita kama mtu anayezungumza na mwenzake mezani. La pili ni siasa. Katika barua ya Machi 1645 alimruhusu malkia aahidi kwamba sheria za kuwaadhibu Wakatoliki wa Uingereza zingeondolewa iwapo wangemsaidia arudi katika enzi yake, na barua nyingine zilionyesha mipango ya kuleta askari kutoka Ayalandi, ilhali hadharani alikuwa ameapa kuilinda dini ya Kiprotestanti. Watu waliomwamini walisoma mambo hayo kwa uchungu.

Wafuasi wake walipinga wakisema kwamba maneno ya mume na mke si ya kutangazwa sokoni. Nawaelewa, ila siwezi kusema kwamba raia wanaokufa vitani hawakuwa na haki ya kujua mfalme wao anaahidi nini kwa siri. Tuzisome, lakini tukumbuke kwamba waliozichapisha walichagua zipi zitoke, wakaongeza maelezo yao mwishoni ili msomaji ajue la kufikiri. Barua iliyoandikiwa mtu mmoja ikishapitia mikononi mwa namna hiyo, nayo imekuwa picha iliyopangwa, isipokuwa safari hii mchoraji ni Bunge.

Usidhani kwamba waandishi wenyewe hawakujihadhari. Bahasha hazikuwapo, karatasi yenyewe ilikunjwa na kukunjwa hadi ikawa kifurushi kidogo, pengine ikafungwa kwa uzi wa hariri au kwa ukanda uliokatwa kwenye ukingo wake, ndipo ikapigwa lakiri na muhuri, hivyo aliyeifungua hakuweza kuficha kwamba ameifungua. Mambo mazito yaliandikwa kwa tarakimu, kila namba ikisimama badala ya herufi, neno au jina la mtu. Charles alipofungwa katika ngome ya Carisbrooke, kisiwani Wight, barua za tarakimu ndizo zilizobaki kuwa nguvu yake. Watu waaminifu kama Jane Whorwood na mtumishi wa mfalme, Henry Firebrace, walizipitisha kwa siri, na kwa njia hiyo wakapanga atoroke kupitia dirishani mnamo Machi 1648. Firebrace alikuwa na wasiwasi kuhusu nondo, lakini mfalme alimhakikishia kwamba amekwisha kujaribu, kichwa kinapita, na mwili utafuata. Usiku ulipofika alinasa katikati, asiweze kwenda mbele wala kurudi, hadi kwa taabu akajirudisha chumbani, huku wenzake wakisikia kugumia kwake wakiwa gizani chini. Miaka 10 tu ilikuwa imepita tangu achorwe juu ya yule farasi.

*Ndugu Mhariri, kitabu kimoja kinasema mfalme aliuawa Januari 1649, kingine kinanukuu hati za wakati ule zinazosema Januari 1648. Kipi kimekosea? — Msomaji, Makambako*

Hakuna kilichokosea. Waingereza wa wakati ule walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, na waliendelea hivyo hadi walipobadili kalenda yao mwaka 1752. Kwa hiyo 30 Januari ilikuwa bado ndani ya 1648 kwa waliokuwapo, ingawa sisi tunaiandika 1649. Zaidi ya hayo, kalenda yao ilikuwa nyuma ya ile ya Ufaransa kwa siku 10, na siku Charles alipouawa London, mjini Paris alikokuwa mkewe ilikuwa tarehe 9 Februari.

*Mhariri, baada ya mfalme kuuawa picha zake zilikwenda wapi? — Fundi seremala, Mafinga*

Ziliuzwa. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1649 ya kuuza mali za mfalme, na kwa kuwa aliacha madeni mengi kwa mafundi na watumishi, wengi wao walilipwa kwa vitu badala ya fedha. John Embree, fundi bomba wa ikulu, aliondoka na picha kadhaa, mojawapo ikiwa ya Titian, mchoraji mkuu wa Venice. Baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660 nyingi zilitafutwa na kurudishwa, lakini nyingine zilikuwa zimekwisha kufika Ufaransa na Hispania, ziliko hadi leo. Ile ya nyuso tatu haikuguswa na mnada, kwani ilibaki Italia kwa Bernini na wazao wake, na iliingia tena katika mkusanyiko wa wafalme wa Uingereza mwaka 1822 tu.

*Mhariri wetu, habari za kazi. Nilisoma makala nikalia. Je, kabla ya kuuawa aliruhusiwa kumwandikia mkewe? — Mama wa watoto watatu, Njombe*

Nzuri, mama, na pole. Neno lake la mwisho kwa mkewe tunalijua kwa sababu lilipita kwa mtoto. Tarehe 29 Januari, siku moja kabla ya kuuawa, aliruhusiwa kuonana na watoto wake wawili waliokuwa mikononi mwa Bunge, Elizabeth mwenye miaka 13 na Henry mwenye miaka 8. Elizabeth alilia sana, na baba yake akahofia kwamba atasahau anayoambiwa. Naye akaahidi kwamba hatasahau maadamu yu hai, na baadaye akayaandika. Kati ya hayo ni agizo la kumwambia mama yake kwamba mawazo yake hayakuwahi kumwacha, na kwamba mapenzi yake yatabaki yale yale hadi mwisho.

Mwaka 1637 Van Dyck aliwachora watoto watano wa mfalme pamoja. Katikati amesimama mrithi, mkono wake juu ya kichwa cha mbwa mkubwa. Watu huishia hapo. Utazame upande wa kulia, mama, utamwona Elizabeth akiwa bado hajatimiza miaka miwili, ameinama akimshika mdogo wake mchanga, Anne. Anne alifariki mwaka 1640. Elizabeth alipelekwa Carisbrooke, ngome ile ile baba yake alikofungwa, akafariki humo Septemba 1650 akiwa na miaka 14.