Maswali na Majibu: Selig Ndani, Bonds Nje

Desemba 2025 kamati ya watu 16 ilimchagua Jeff Kent kuingia Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli kule Cooperstown, New York. Jina la Barry Bonds lilikuwa kwenye orodha hiyohiyo. Waliwahi kucheza pamoja San Francisco, hata wakakunjana mashati mbele ya kamera mwaka 2002, na kwa kila kipimo ninachokijua Bonds alikuwa bora kuliko mwenzake. Hakupata hata kura 5. Tangu siku hiyo wasomaji hamjanipa nafasi ya kupumua. Haya, tuanze.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mtu wa Yanga, besiboli naionaga kwenye filamu tu. Hao wanaoingia huko huchaguliwa na nani, ligi au mashabiki? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Si ligi, wala si mashabiki. Wapiga kura ni waandishi wa besiboli waliokaa kwenye chama chao miaka 10 au zaidi. Mchezaji awe amecheza misimu isiyopungua 10 na amestaafu kwa miaka 5. Mwandishi anapewa karatasi ya majina, anaweka alama kwa wasiozidi 10. Ukifikisha asilimia 75 umeingia. Ukishindwa kufikisha asilimia 5 unafutwa papo hapo. Walio katikati wanarudishwa kila mwaka mpaka miaka 10 iishe. Zamani ilikuwa 15, ikapunguzwa mwaka 2014. Wanaotemwa na waandishi wanabakiwa na mlango wa uani, yaani kamati kama ile iliyomchagua Kent, na humo unahitaji kura 12 kati ya 16.

Kanuni inamtaka mpiga kura aangalie uwezo, lakini pia uadilifu, uanamichezo na tabia. Ugomvi wote unaanzia hapo. Mpe mtu wa Simba karatasi ya kupima tabia ya mchezaji wa Yanga uone.

Bonds alipiga homurani 762 na hakuna aliyemfikia. Mnamfungia nje kwa nini? Huu si wivu tu? (Msomaji, Nairobi)

Kwa wageni wa mchezo, homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio wa uwanja. Mwaka 2001 pekee Bonds alipiga 73, na hiyo pia ni rekodi. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi aliichukua mara 7.

Wivu upo, maana hakuwa mtu wa kuchekacheka na waandishi, na waandishi ndio hao wenye karatasi. Ila tatizo kubwa ni dawa za kusisimua misuli. Jina lake liliingia kwenye uchunguzi wa BALCO, maabara iliyouza dawa hizo, na kesi yake ikaishia na hatia ya kuzuia haki mwaka 2011, iliyofutwa kwenye rufaa mwaka 2015. Ligi yenyewe haikuwahi kumfungia hata mechi moja kwa dawa. Mwaka wake wa mwisho kwa waandishi, 2022, alipata asilimia 66. Roger Clemens, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) mwenye ushindi 354 na tuhuma za aina hiyohiyo, alipata 65.2.

Mimi ningewapigia kura wote wawili. Ninachouliza kwa kila mchezaji ni hiki: siku anafanya alilofanya, kulikuwa na sheria gani na adhabu gani? Mwaka 1991 kamishna, yaani mkuu wa ligi, alituma waraka wa kukataza dawa hizo. Kipimo hakikuwepo, adhabu haikuwepo, waraka ukabaki karatasi. Kupima kwenye adhabu kulianza mwaka 2004. Kwa miaka yote hiyo ligi ilikuwa ikiuza tiketi kwa homurani za watu wenye shingo nene ghafla, na aliyekuwa kiongozi wake, Bud Selig, alichaguliwa na kamati na kuingizwa ukumbini mwaka 2017. Aliyelisimamia duka ameingia, aliyeuza kaunta kafungiwa. Hapo sielewi.

Kwa mantiki hiyohiyo nisingempigia kura Manny Ramirez, aliyefungiwa mwaka 2009 na tena 2011, wala Alex Rodriguez, aliyekosa msimu mzima wa 2014. Hao walizijua sheria, na kipimo walikijua.

Tena kuna kituko. Mpira wa homurani ya 756 ya Bonds, ule uliovunja rekodi ya Hank Aaron Agosti 2007, ulinunuliwa na mbunifu wa mavazi Marc Ecko kwa dola 752,467. Akawauliza watu mtandaoni aufanye nini, na kura nyingi zikasema uwekwe alama ya nyota, ile inayowekwa pembeni ya rekodi yenye walakini. Nyota ikakatwa kwenye ngozi ya mpira, mpira ukapelekwa Cooperstown. Mpira umepokelewa. Mpigaji bado.

Kaka, habari za siku? Jirani yangu hapa ni mzaliwa wa Cincinnati, kila jioni ananishika mkono kunieleza Pete Rose alivyoonewa. Nimjibu nini? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Nzuri ndugu yangu, na pole kwa jirani. Mwambie takwimu zake hazina ubishi: mapigo safi (yale yanayomfikisha mpigaji kituoni bila kosa la wapinzani) 4,256, mengi kuliko ya mtu yeyote kwenye ligi kuu ya Marekani. Halafu mwambie hakuonewa.

Sheria ya kutobeti ilikuwepo kabla ubishi huu haujazaliwa, na ilibandikwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo: ukibeti mechi ya timu yako, unafungiwa maisha. Rose alibeti mechi za Cincinnati akiwa meneja wao. Agosti 1989 alikubali kufungiwa, akakana kubeti kwa miaka karibu 15, akakiri mwaka 2004. Mwaka 1991 Ukumbi nao ukapitisha kwamba aliyefungiwa na ligi hapigiwi kura.

Jirani atakwambia, "Lakini alibeti timu yake ishinde, hakuuza mechi." Rose mwenyewe alisema hivyo. Sasa fikiri. Meneja ndiye anayeamua nani arushe leo na nani apumzike. Akiwa na mkeka wa leo, atamrudisha uwanjani mrushaji aliyechoka, bega liharibike, mechi ya kesho shauri yake. Na siku asipoweka pesa, yule anayepokea dau ameshapata habari bila kulipia: leo meneja hana imani na kikosi chake. Sisi ambao siku hizi kila kona ina kibanda cha kubeti hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Rose alifariki Septemba 2024. Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba kifungo cha maisha kinaisha na maisha, akamwondoa kwenye orodha pamoja na Shoeless Joe Jackson, mmoja wa wale wanane wa Chicago waliofungiwa kwa kashfa ya kuuza fainali za 1919. Kamati inayohusika na enzi zao itakutana Desemba 2027, kwa hiyo jirani bado ana jioni nyingi. Kama ningekuwa mjumbe, Rose nisingempa. Jackson ananiumiza kichwa: mahakama ilimwachia, na kwenye fainali hizo alipiga kwa wastani wa .375 (sawa na mapigo safi 375 kwa kila zamu 1,000), lakini dola 5,000 alizipokea.

Ni nani yule aliyemnyima Derek Jeter kura moja? (Msomaji, Mombasa)

Hajajitaja mpaka leo. Jeter, nyota wa New York Yankees, alipata kura 396 kati ya 397 mwaka 2020. Ichiro Suzuki naye mwaka 2025 alipata 393 kati ya 394, akasema angependa kumkaribisha mtu huyo nyumbani wanywe pamoja. Mwenye asilimia 100 ni Mariano Rivera peke yake, mwaka 2019. Babe Ruth mwenyewe, kwenye uchaguzi wa kwanza wa 1936, kuna watu 11 waliomruka. Sipotezi usingizi kwa hili.

Mzee, hawa weusi waliokatazwa kucheza ligi kuu walihesabiwaje? (Msomaji, Kampala)

Kwa kuchelewa. Hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani Aprili 15, 1947, weusi walikuwa na ligi zao. Mdakaji Josh Gibson, ambaye wengi wanamweka juu ya kila mpigaji wa zama zake, alifariki Januari ya mwaka huohuo akiwa na miaka 35. Robinson aliingizwa ukumbini mwaka 1962. Mwaka 1966 Ted Williams, nyota mzungu wa Boston, alitumia hotuba yake ya kuingizwa kuwataja Gibson na Satchel Paige kwamba nao wanastahili. Paige alichaguliwa 1971, na uongozi ukataka kumweka kwenye sehemu ya pembeni. Kelele zikapigwa, wakarudi nyuma. Gibson akafuata 1972. Bamba lake la shaba linasema alipiga karibu homurani 800, ukihesabu na mechi za nje ya ligi. Mwaka 2024 ligi kuu ilipoziingiza rasmi takwimu za ligi za weusi, wastani wake wa .372 ukampita Ty Cobb, aliyekuwa akishikilia rekodi.

Na kwa kuwa tunazungumzia tabia, Cobb aliongoza kura za 1936. Mwaka 1912 aliwahi kupanda jukwaani New York kumpiga shabiki aliyepoteza vidole.

Mwafrika ataingia lini? (Msomaji, Lugazi)

Si karibuni. Aliyezaliwa Afrika wa kwanza kucheza ligi kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, na pigo safi alilipata zamu yake ya kwanza. Hakudumu misimu 10. Lakini nyinyi wa Lugazi ndio mliopeleka watoto Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano yale ya dunia ya besiboli ya watoto huko Marekani, kwa hiyo swali hili mnalo haki ya kuliuliza kila mwaka.

Ukipewa kura moja tu, unampa nani? (Msomaji, Arusha)

Lou Whitaker wa Detroit, bila kufikiri mara mbili. Yeye na Alan Trammell walilinda katikati ya uwanja pamoja kuanzia 1977 hadi 1995. Ukizitazama takwimu zao ni kama ndugu, na Whitaker kwa baadhi ya vipimo yuko juu: mapigo safi 2,369, homurani 244. Trammell yumo tangu 2018. Whitaker mwaka 2001 alipata asilimia 2.9, akafutwa kwa jaribio moja. Hana dawa, hana mkeka, hana kesi. Alikuwa mkimya, hakupenda kuzungumza na waandishi. Ile sheria ya asilimia 5 imewekwa kupunguza orodha, na sina shida nayo kwa wachezaji wa kawaida. Kwa huyu ilikata mtu wakati inatafuta magugu.

Mtu akishaingia, anaweza kutolewa? (Msomaji, Muscat)

Hapana, haijawahi kutokea. Roberto Alomar aliingizwa 2011. Aprili 2021 ligi ilimfungia baada ya uchunguzi wa tuhuma za udhalilishaji wa kijinsia. Ukumbi ukatangaza kwamba bamba lake linabaki. Ile kanuni ya 1991 inahusu kupigiwa kura tu, na Alomar alishapigiwa.